Somo la Leo: Juma Mgunda, Mwalimu wa Mpira wa Tanga

Someni polepole, na aliyefahamu amsaidie mwenzake.

Mtu wa Tanga akisikia "Wagosi wa Kaya" ajua kuwa inatajwa Coastal Union, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Juma Mgunda aliichezea timu hiyo, kisha akawa mwalimu wake. Kazi hizi mbili hazifanani. Mchezaji akikosea, aweza kukimbia na kulirekebisha kosa lake. Mwalimu amekaa pembeni. Watu 11 wakikosea, yeye ndiye aulizwaye, wala mpira haugusi.

Julai 2022, mjini Arusha, Coastal walicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho. Mchezo ulikwisha magoli 3 kwa 3, na Yanga wakashinda kwa penalti. Lakini watu walikwisha kumwona mwalimu yule wa Tanga.

Septemba mwaka huo huo, Simba wa Dar es Salaam walibaki bila mwalimu mkuu. Wakamwita Mgunda awe kocha wa muda. Kocha wa muda ni kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba huku mpangaji anatafutwa.

Sasa chukueni daftari. Simba waliwafunga Nyasa Big Bullets 2 kwa 0 huko Malawi, na 2 kwa 0 Dar es Salaam. Oktoba waliwafunga Primeiro de Agosto 3 kwa 1 huko Luanda, Angola, na 1 kwa 0 nyumbani. Jumlisheni. Simba 8, wapinzani 1. Hivyo Simba wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Je, nyumba akapewa? La. Januari 2023 alikuja Mbrazili, Roberto Oliveira, naye Mgunda akawa msaidizi. Kwa maoni yangu, kukaa pembeni ya kiti ulichokikalia jana ni kazi ngumu kuliko kushinda Luanda.

Aprili 2024 kocha mgeni mwingine aliondoka, Mgunda akaitwa tena. Msaidizi wake alikuwa Selemani Matola, kiungo wa zamani, aliyekuwa nahodha Simba walipowatoa Zamalek wa Misri mwaka 2003. Walimaliza ligi na pointi 69, sawasawa na Azam. Nafasi ya pili wakaipata Azam, kwa tofauti ya magoli.