Kumuuguza paka Taita Taveta wakati hakuna pesa za daktari

Paka akiugua Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, kizuizi cha kwanza huwa ni gharama, na gharama hiyo haiko kwenye dawa peke yake. Huduma za mifugo zilikabidhiwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na maafisa wachache walioko wana ng'ombe, mbuzi na kuku wa kuhudumia, kwa kuwa hao ndio riziki ya wengi. Kliniki zenye eksirei, maabara na chumba cha upasuaji kwa ajili ya paka na mbwa ziko zaidi Mombasa, yapata kilomita 150 kutoka Voi, na Nairobi, ambako mwendo ni zaidi ya mara mbili ya huo. Tsavo kuna madaktari wa wanyamapori wanaozunguka kwa gari, wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wakishirikiana na Sheldrick Wildlife Trust, lakini kazi yao ni tembo aliyenaswa mtegoni au kujeruhiwa. Nauli, ada na dawa vikijumlishwa, kibarua wa shamba la mkonge au mama mboga wa soko la Voi hujikuta akipima kati ya paka na karo.

Hapo kinachosaidia zaidi ni kujua kutenganisha. Yapo maradhi ambayo mikono safi, chakula na subira huyamaliza nyumbani, na yapo yanayoacha saa chache tu. Pesa kidogo iliyopo itumike kwa haya ya pili, na itumike mapema. Paka wengi hufa kwa sababu pesa ilipatikana siku ya nne, au kwa sababu kabla ya siku hiyo walipewa dawa ya binadamu.

Paka huficha ugonjwa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kimya: anajificha chini ya kitanda, anaacha kujilamba, haji tena akisikia sahani. Aliyetulia huvuta pumzi 20 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 40 bila kukimbia, au akipumua mdomo wazi, yumo hatarini. Joto la Voi humfanya mbwa aheme mchana kutwa, lakini paka anayehema hivyo amezidiwa. Ufizi wake huwa wa waridi, na ukibonyezwa kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe ni dalili ya upungufu wa damu au mshtuko, wa manjano huonyesha shida ya ini au damu, na wa kahawia au buluu huonyesha kwamba damu haibebi hewa. Ngozi ya kati ya mabega ikivutwa juu ikabaki imesimama, mwili umekaukiwa maji. Joto hupimwa kwa kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa, kikipakwa Vaseline na kuingizwa taratibu njia ya haja kubwa, kisha kutengwa kisitumiwe tena na watu. Joto la kawaida ni nyuzi 38.1 hadi 39.2. Likipita 40.5, au likishuka chini ya 37.5, hali imekuwa ya dharura.

Dharura inayopotea kirahisi zaidi machoni mwa watu ni ya paka dume asiyeweza kukojoa. Huchuchumaa mara kwa mara, hujikaza, hulia na kujilamba sehemu za siri, na hakitoki kitu ila labda tone lenye damu. Familia nyingi hudhani amefunga choo, zikampa mafuta ya kupikia. Kumbe njia ya mkojo imezibwa na ute au vijiwe. Potasiamu na taka zinarudi kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili au tatu. Tiba ya nyumbani hakuna. Kumkamua tumbo kunaweza kupasua kibofu. Kama familia ina uwezo wa safari moja tu kwa daktari mwaka mzima, hii ndiyo safari yenyewe. Kundi hilo lina pia jike anayesukuma kwa saa nzima bila mtoto kutoka, degedege, kugongwa na bodaboda, kutapika kusikokoma, na kutokula. Kutokula hudharauliwa, lakini paka mkubwa anapokaa siku mbili au tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, mwili huyeyusha mafuta na kuyarundika kwenye ini mpaka ini lishindwe kazi. Kwa mtoto wa paka hata siku moja ni ndefu.

Katika nchi kavu ya Tsavo nyoka huongeza orodha hiyo. Swila humtemea paka sumu machoni. Macho yaoshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha paka azuiwe kuyakuna. Aliyeumwa na moma asifungwe kamba, asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, abebwe, apelekwe.

Kisha kuna sumu zinazotoka mikononi mwa wanaompenda. Panadol ndiyo mbaya kuliko zote. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja parasetamoli iliyomo, kwa hiyo dawa hugeuka kitu kinachoharibu chembe nyekundu za damu; uso na miguu huvimba, ufizi hugeuka kahawia, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka mzima. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Brufen na diklofenaki huharibu figo na tumbo. Dettol, ambayo watu huoshea jeraha kwa nia njema, ni sumu pia: paka huilamba kutoka kwenye manyoya, na mwili wake hauwezi kuitoa. Oili chafu ya gari anayopakwa mwenye upele, mafuta ya taa na Vicks viko kundi hilohilo.

Dawa za mifugo zina hatari yake. Dawa nyingi za kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe hutengenezwa kwa saipamethrini na jamaa zake, na paka aliyepakwa huanza kutetemeka, kudondosha mate na kupata degedege. Aoshwe haraka kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, akaushwe, apelekwe. Enrofloksasini ya kuku ikizidi kipimo inaweza kumpofusha paka moja kwa moja. Streptomaisini, iliyomo kwenye sindano za mchanganyiko zinazopendwa sana kwa ng'ombe, inaweza kuua mshipa wa fahamu wa sikio lake. Dawa iliyopimwa kwa fahali wa kilo 300 haigawanywi kwa macho ikawa ya paka wa kilo 4. Chini ya sheria ya 2011 ya madaktari na wasaidizi wa afya ya mifugo, anayetibu wanyama anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na ni haki ya mnunuzi kuuliza kama aliye nyuma ya kaunta ya agroveti amesajiliwa au ni muuzaji tu.

Baada ya kujua vya kuepuka, kazi ya uuguzi yenyewe ni nafuu. Paka mgonjwa anahitaji pembe tulivu isiyo na watoto na mbwa, boksi lenye kitambaa, maji na mchanga karibu. Voi pembe hiyo iwe na kivuli na hewa. Milimani Wundanyi, mwezi wa Julai, haja ni joto: chupa ya maji moto iliyozungushiwa nguo huokoa watoto wa paka wengi, kwa maana mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula na asilishwe mpaka apate joto kwanza.

Chakula cha mgonjwa kiwe laini, cha uvuguvugu na chenye harufu. Omena au dagaa waliochemshwa na kusagwa, yai lililoiva, au kuku wa kuchemsha pamoja na supu yake vinafaa. Supu isiwe na kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo huvunja damu ya paka. Mabaki ya mchuzi wa familia hayamfai mgonjwa. Maziwa ya ng'ombe huongeza kuhara kwa paka wengi wakubwa. Asiyekula hulishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka upande wa mdomo, mililita moja kwa mara, akingojewa ameze, kichwa kikiwa katika usawa wake wa kawaida. Kichwa kikiinuliwa juu chakula huingia mapafuni. Anayetapika au aliyelegea asilishwe hivyo. Na kidonge chochote alichoandikiwa kifuatishwe na maji kidogo au kijiko cha supu, kwa sababu kidonge kikavu hukwama kooni. Doksisaiklini hasa huchoma umio mpaka ukajifunga.

Mafua ya paka ndiyo ugonjwa ambao uuguzi huu huumudu vizuri. Husababishwa na virusi, huleta chafya, macho yenye tongo na vidonda vya ulimi, na wengi hupona kwa wiki moja hadi tatu wakiendelea kula. Pua ikiziba paka hanusi, na asiponusa hali, hivyo kusafisha pua ni kumlisha. Maji ya chumvi hutengenezwa kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Pamba iliyolowa humo hufuta macho na pua mara tatu au nne kwa siku, pamba mpya kwa kila jicho. Kumkalisha dakika 10 katika chumba kidogo chenye karai la maji ya moto, likiwa mahali asipoweza kulifikia, hulainisha kamasi. Maji yasitiwe kitu, hasa mkaratusi. Jicho likigeuka jeupe au likifumba kwa maumivu, uuguzi wa nyumbani umefika mwisho.

Jipu la ugomvi nalo hutibika mara nyingi. Jino la paka hutoboa shimo dogo linalojifunga huku usaha ukibaki ndani. Kitambaa cha maji moto ya kuvumilika huwekwa dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, mpaka jipu lipasuke. Kisha shimo huoshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa wazi litoke usaha. Homa, kutokula au uvimbe unaosambaa vinataka antibiotiki ya daktari.

Kuhara na kutapika kwa mtoto wa paka asiyechanjwa ni jambo tofauti. Huenda ni panlukopenia, virusi vinavyoharibu utumbo na uboho, na wengi hufa wasipowekewa maji mwilini na daktari. Virusi hivyo hukaa nyumbani hata mwaka. Sakafu na vyombo huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha kwa Jik, sehemu moja kwa sehemu 20 za maji, iachwe dakika 10 na isuuzwe, paka akiwa nje. Mtoto mwingine asiletwe humo kabla ya kuchanjwa.

Uuguzi wote huu una mpaka mmoja usiovukwa. Paka aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mpole akawa anavamia, au anayedondosha mate, kupooza taya na kuyumba, asishikwe. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho paka hupata kwa kuumwa na mbwa au mnyama wa porini kama bweha. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende siku hiyohiyo hospitali, kwa Voi ikiwa ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, aanze chanjo. Dalili zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona.

Daktari anapohitajika, zipo njia za kupunguza gharama. Picha na video fupi ya jinsi paka anavyopumua au kutembea, pamoja na joto na uzito wake, zikitumwa kwa simu humwezesha daktari kusema kama safari inafaa. Uzito hupatikana kwa mtu kujipima akiwa amembeba, kisha bila yeye. Daktari aliyekuja kijijini kuchanja mbuzi anaweza kumtazama paka bila nauli ya pili, na majirani wawili watatu wenye wanyama wanaweza kuichangia safari moja. Ni vyema bajeti itajwe tangu mwanzo: daktari anayejua kuna shilingi elfu moja tu huanza na kipimo au dawa yenye uzito zaidi, na baadhi hukubali malipo ya awamu kwa M-Pesa. KSPCA, shirika la kulinda wanyama, lina tawi Mombasa linaloweza kuulizwa. Paka asafirishwe asubuhi kabla ya jua kali, ndani ya kikapu cha kufunika au boksi lenye matundu. Gunia kwenye bodaboda humkosesha hewa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa bure au kwa bei ndogo katika kampeni, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na paka hupokelewa kuanzia miezi 3. Kuhasi dume hupunguza ugomvi, na pamoja nao majipu. Jike asiyefungwa kizazi anaweza kubeba mimba akiwa na miezi 5 tu. Chakula nacho ni kinga: paka wa ugali mtupu hukosa taurini, ambayo mwili wake hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na baada ya muda macho na moyo huharibika. Kiganja cha dagaa kila siku ni nafuu kuliko daktari.

Wakati mwingine ugonjwa hauponyeki, au tiba inayowezekana haifikiki. Kumpumzisha kwa sindano ya daktari ni huduma halali na ya huruma, na kwa kawaida ni nafuu kuliko matibabu marefu. Kumwacha afe kwa njaa porini, kumzamisha au kumpa sumu ni mateso, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Mzoga huzikwa mbali na kisima, shimo la karibu mita moja, mawe yakiwekwa juu ili fisi na mbwa wasiufukue. Anayeshukiwa kufa kwa kichaa cha mbwa hazikwi upesi hivyo: haguswi kwa mikono mitupu, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo huarifiwa ili sampuli ya ubongo ichukuliwe na kupelekwa maabara ya uchunguzi wa mifugo kama ile ya Mariakani, kwa kuwa jibu lake huwasaidia wauguzi wa waliong'atwa.