Nguvumali: biriani inasifiwa, mhudumu anatafutwa

Watu walikuwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti, na viti vya hoteli ile ya Nguvumali vilikuwa vimeshajaa. Ijumaa ndiyo siku ya biriani, na Tanga nzima inalijua hilo. Mimi na mjomba tulipata meza ya nyuma, jirani na ndoo ya kunawia mikono, kwa heshima ya mvi zake tu. Kijana mmoja alimwamkia mjomba "Shikamoo mzee," akaitikiwa, akapangusa meza kwa kitambaa kilichochoka kutushinda, akasikiliza tunachotaka bila kuandika, akaenda zake. Mjomba aliagiza changu wa kupaka na wali. Mimi biriani ya mbuzi. Chakula hatukukiona kwa dakika arobaini.

Nasema hoteli ingawa hakuna anayelala pale, kwa kuwa ndivyo tunavyosema. Kibaoni kumeandikwa mgahawa, neno lililozaliwa na kahawa, na kahawa yenyewe haiuzwi humo ndani. Inauzwa nje, na mzee mwenye birika na kashata zake. Lakini katika majina yote ya mahali pa kulia chakula, ninalolipenda ni mama ntilie. Humo imo sauti ya mteja mwenyewe, sahani mkononi: mama, nitilie. Halimtaji mama kwa sufuria yake wala kwa kupika kwake. Linamtaja kwa mkono unaotia. Mtu akiniambia kwamba watu wa pwani hawajali huduma, wanajali tumbo tu, humkumbusha jina hilo.

Dakika ya kumi na tano nilimwita kijana kwa mbali. "Inakuja," akasema. Dakika ya ishirini na tano, inakuja. Hilo ni neno lisilo na saa. Waswahili husema Tanga waja leo waondoka leo. Kwa mwendo wa jikoni mle, sisi wa leo tulianza kufikiria pa kulala.

Ili mjomba asinune, nikamsimulia niliyopata kuyasoma kuhusu Wasefaradi, Wayahudi wa Hispania. Mwaka 1492 mfalme Ferdinand na malkia Isabella waliwapa amri: mbatizwe au mhame. Waliohama wakasambaa Morocco, Istanbul, Salonika, na baadaye wengine London, kila mmoja na vyungu vyake. Chakula chao mashuhuri ni cha chungu kimoja: nyama, dengu, na mayai yakiwa na maganda yake. Dini yao inawakataza kuwasha moto tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni. Basi chungu kinafunikwa kabla ya magharibi, zamani kikipelekwa kwenye tanuru la mtaa, kikaiva polepole usiku kucha, na kufunuliwa Jumamosi mchana. Morocco wanakiita dafina.

"Kama wali wa kupalia makaa," mjomba akasema.

"Ndiyo mjomba, ila makaa ya usiku mzima."

"Na nani anawahudumia?"

"Siku hiyo hakuna anayepika. Moto wa jana ndio mhudumu."

Mjomba akageuka kuutazama mlango wa jikoni. "Hawa wetu nao wameshika dini hiyo?"

Tulicheka, na hapo katikati ya kicheko ndipo nikaisikia: kwaruza, kwaruza, kwaruza. Mtu alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nazi ya changu wa mjomba, bila shaka, kwa kuwa wengine wote ukumbini walikuwa wanakula biriani. Kwa hiyo walikuwa wameanza kuikuna baada ya sisi kuagiza, na bado ilitakiwa kukamuliwa, tui la kwanza litengwe, samaki aokwe, apakwe, ageuzwe, apakwe tena. Hasira yangu ikapungua nusu. Anayetaka tui la nazi iliyovunjwa sasa hivi hawezi kuanza kuhesabu dakika. Nusu ya pili ilibaki, nami naitetea mpaka leo: biriani yangu ilikuwa tayari tangu asubuhi, ikaachwa imsubiri changu, na hakuna aliyekuja kusema, "Mzee, samaki wako atachelewa, tumletee mwenzako kwanza?" Tungesubiri kwa raha. Kusubiri hakukutuudhi, kuachwa gizani ndiko kulikotuudhi.

Vikaja, hatimaye, vyote kwa mkupuo.

Changu alikuwa amekauka ngozi pembeni, na juu tui zito limeganda, limeungua kidogo pale lilipogusa moto, uchachu wa ndimu ukichungulia kwa chini. Samaki huyo angekubaliwa kwenye meza ya Wasefaradi bila ubishi. Ana mapezi na magamba, kama sheria yao inavyotaka, na tui, kwa weupe wake wote, si maziwa. Pweza na kamba wasingepita mlangoni. Wala biriani yangu isingepita, hata kama mbuzi angechinjwa na rabi mwenyewe, kwa sababu nyama ililowekwa kwenye maziwa ya mgando, na kwao nyama na maziwa havikutani chunguni. Hasara yao. Nyama ilikuwa inaachia mfupa kwa kutazamwa tu. Masala yalikuwa mazito, mafuta yamepanda juu, kitunguu kimekaangwa hadi kukaribia weusi kisha kikaokolewa, na iliki ilikuwepo bila kupiga kelele. Wali uliletwa kando, kama inavyopasa kwetu, punje za njano na nyeupe zimechanganyika. Kachumbari ilikuwa ya kawaida. Pilipili ya kusaga ilinitoa machozi ambayo mjomba alidhani ni ya furaha, na hakukosea sana.

Kijiko sikuletewa. Nilikula kwa mkono, na nadhani biriani ilifaidika.

Tulipofika katikati ya sahani, mama wa jikoni mwenyewe alitoka, kanga ya pili kaifunga kiunoni, upawa mkononi. Hakuomba radhi. Aliitazama sahani ya mjomba, kisha yangu. "Niwatilie rojo?" Mjomba akasogeza sahani kabla ya kujibu. Yule mama alipita meza hadi meza namna hiyo, akiwatazama watu sahani kabla ya nyuso, na nikaona kwamba ukumbi mzima wa meza kumi na mbili ulikuwa na kijana mmoja tu, anayepokea oda, anayepangusa, anayepokea fedha na anayetumwa maji.

Bili kijana alitutajia kwa mdomo, na ilikuwa sahihi. Nililipa, nikaacha shilingi elfu mbili chini ya bilauri. Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, bahashishi, ingawa mazoea yenyewe kwetu ni haba. Tulikuwa tumeshafika kwenye bodaboda, mjomba anakunja kanzu yake apande, tuliposikia kandambili zinapiga lami nyuma yetu. Ni yeye kijana, anahema, mkono ameunyoosha, kwa kasi ambayo jikoni mle haikuonekana mchana kutwa.

"Mzee, mmesahau hela yenu."