Mkate wa kahawia: Je, ni chakula au ni dawa?

KILA jioni, yapata saa kumi na moja, harufu ya mkate motomoto huenea katika mtaa mmoja wa mji mdogo wa Ukambani, si mbali na mpaka wa Kitui na Makueni. Foleni huanzia mlangoni mwa bekari na kuishia kwa fundi wa viatu. Abiria wanaoelekea Nairobi humsihi dereva asimame ili wajinunulie mikate miwili mitatu ya kupelekea jamaa.

Sifa za bekari hiyo zimefika mbali. Inasemekana mkate wake mweupe ni laini kuliko wa viwanda vikubwa, na kwamba ule wa rangi ya kahawia "hushusha sukari", "huondoa presha" na "huongeza damu". Madai hayo ya pili ndiyo yaliyonitia wasiwasi.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja wa umri wa miaka hamsini na kitu, mgonjwa wa sukari kwa miaka sita. Alilalamikia kiu isiyokwisha, macho kuona giza na kwenda haja ndogo mara nne kila usiku. Kipimo cha sukari kilionyesha milimoli 18 kwa lita kabla hajatia chochote kinywani. Kiwango cha 7 au zaidi kabla ya kula ni dalili ya ugonjwa, sembuse 18.

Nilimuuliza kama amekuwa akimeza dawa zake. Akajibu kwa ukakamavu: "Daktari, nilizipunguza. Siku hizi natumia mkate wa brown. Nusu asubuhi, nusu jioni."

Nikamuuliza mbona ameacha vyakula vya nyumbani. Hapo akainama kidogo. "Tangu mwaka ule wa 2004 mimi mahindi ya ghalani siyaamini," akasema. "Tulizika watu."

Jibu hilo lilinifanya niende bekarini mwenyewe.

Nilichokiona

Kwanza, haki itendeke. Mahali pale ni safi. Wafanyakazi wamevaa kofia na aproni, unga umepangwa juu ya mbao mbali na ukuta, na mkate hupozwa vyema kabla ya kufungwa, jambo ambalo huzuia unyevu unaoleta ukungu. Nilinunua mikate mitatu ya gramu 400 na kuipima kwenye mizani ya kliniki. Hakuna uliopunjwa. Tarehe ya kuokwa na ya mwisho wa matumizi zilisomeka bila miwani.

Kisha nikasoma orodha ya viungo kwenye karatasi ya mkate wa kahawia. Viungo huandikwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Cha kwanza kilikuwa unga wa ngano, yaani ule ule mweupe. Kikafuata sukari, mafuta, hamira, pumba, chumvi na rangi.

Mwenye bekari hakunificha kitu. Alieleza kuwa pumba huongezwa kiasi tu, na rangi hutiwa kwa sababu wateja huukataa mkate usiokolea. "Mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba ni dawa," akaniambia. "Wao ndio huambiwa hospitali."

Nilinyamaza, kwani alisema kweli. Sisi matabibu humwambia mgonjwa "kula mkate wa brown" kisha tukamwita anayefuata. Hatumwelezi ni upi, wala ni vipande vingapi.

Rangi si dawa

Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba, kiini na wanga. Unga mweupe hupatikana baada ya pumba na kiini kuondolewa. Unga wa ngano nzima hubaki na vyote, na kwa hiyo una nyuzinyuzi nyingi zaidi. Gramu 100 za mkate wa ngano nzima huwa na takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, ilhali mkate mweupe huwa na mbili hadi tatu. Nyuzinyuzi hizo husaidia choo, hushibisha na ni nzuri kwa moyo.

Lakini hata mkate halisi wa ngano nzima, unga wake ukiwa umesagwa laini, hupandisha sukari ya damu karibu sawa na ule mweupe. Nusu ya mkate wa gramu 400 ina karibu gramu 100 za wanga, na wanga huo wote hugeuka sukari mwilini. Mama yule alikuwa akila mara mbili ya kiasi hicho kila siku huku amepunguza dawa. Si ajabu macho yalianza kufifia.

Kadhalika kuna chumvi. Mkate huwa na takriban gramu moja ya chumvi katika kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Anayemaliza mkate mzima ametumia gramu 4 kabla ya kuonja mboga. Huyo hawezi kusema anatibu presha.

Kuhusu damu, sifa hiyo ina chembe ya ukweli, ila haitokani na rangi. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya huwataka wasagaji kuongeza madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini kadhaa katika unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa. Hivyo mkate mweupe nao unayo. Hata hivyo, mja mzito asiache tembe zake za kliniki kwa kutegemea mkate.

Hofu ya mahindi

Hofu ya mama yule haikuwa ya bure. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kutokana na sumu ya aflatoksini, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Mwaka wa 1981 maafa kama hayo yalitokea Machakos. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na huharibu ini. Kuipika hakuiondoi.

Lakini dawa ya hofu hiyo ni kukausha. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13.5. Kwa jaribio la nyumbani, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, ufunike na utikise. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe, wala zisipewe kuku au ng'ombe.

Isitoshe, mahindi si chakula pekee. Ndengu, mbaazi na kunde, ambazo hustahimili ukame wetu, hupandisha sukari polepole na zina protini. Ngano haikui katika ardhi yetu kavu, lakini mbaazi ziko mlangoni.

Ufanyeje?

Ukinunua mkate, usitazame rangi. Tazama kama kiungo cha kwanza ni ngano nzima. Ukiona ukungu, tupa mkate wote, kwani nyuzi za kuvu hupenya ndani. Mgonjwa wa sukari atosheke na vipande viwili vyembamba kwa mlo, pamoja na yai au maharagwe, na chai isiyo na sukari. Na asipunguze dawa bila kumwona daktari.

Mama yule amerudia tembe zake na hula isyo ya ndengu na mahindi aliyoyakausha mwenyewe. Mara ya mwisho sukari yake ilikuwa 8. Jumamosi hupitia bekarini akanunua mkate mmoja wa kugawana na wajukuu.

Je, bekari ile inastahili sifa zake? Kwa usafi, uzani na ladha, naam. Kwa kutibu, la. Mwokaji ametimiza kazi yake, na sasa ni zamu yetu sisi matabibu kutimiza yetu.