Gobole Halina Bei Nafuu

Katika vijiji vya Magu, Sengerema na visiwa vya Ukerewe, eneo la Ziwa Victoria, mtu anayeitamani bunduki huona njia mbili. Ya kwanza ni ya kibali: maombi yanayojadiliwa kuanzia kijijini hadi polisi, subira, kisha bei ya dukani ambayo mkulima wa pamba au mvuvi wa dagaa haimudu kwa msimu mmoja. Ya pili ni ya kificho: kipande cha bomba, ubao wa kitako, vyuma vichache vya kifyatulio, na mhunzi asiyeuliza maswali. Wengi wanaoichagua hii ya pili si majambazi. Wamepiga hesabu wakaona gobole, bunduki hiyo ya kienyeji, ni rahisi. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo imekosewa tangu mstari wa kwanza, kwa sababu inahesabu bei ya vipuri na kusahau kitu kinachokifanya kipuri kiwe cha bunduki.

Tuanze na mahali ambapo kujijengea bunduki ni jambo la kawaida. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 haimzuii raia anayeruhusiwa kumiliki silaha kujitengenezea bunduki ya matumizi yake mwenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yameongeza masharti. Wengi huunganisha bunduki za mtindo wa AR-15, uliobuniwa na Eugene Stoner katika miaka ya 1950, kwa kuwa vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi kwa vipimo vinavyofanana. Mwenye fedha kidogo huko hushauriwa abane matumizi kwenye kitako, kwenye darubini, kwenye mapambo, lakini asibane kwenye mtutu wala kwenye sehemu inayofunga nyuma ya risasi. Ushauri huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Huyo anayejiita mjenzi kwa kweli ni mnunuzi. Kazi ngumu, yaani kuchagua chuma, kukitoboa kwa unyoofu, kukikaza kwa moto na kukijaribu, imekwisha kufanywa kiwandani kabla hajafungua pochi. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Chama cha watengenezaji bunduki cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1813, ili mtutu ufyatuliwe kwanza kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida, na ukipona ndipo ugongwe muhuri na kuuzwa.

Sababu ya uangalifu wote huo ni mkandamizo. Risasi ya kisasa ya kuwindia, kama .375 inayojulikana sana kwa wawindaji wa Tanzania, inapolipuka ndani ya mtutu huzalisha mkandamizo unaozidi mara 4,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Bomba la maji la nyumbani limeundwa kuvumilia kama mara kumi hivi. Baruti nyeusi ya gobole haina nguvu za risasi ya kisasa, ni kweli, lakini hapo ndipo hatari inapojificha, maana hakuna kipimo. Kiasi cha baruti kinakisiwa, ubora wake unabadilika kila inapochanganywa, kutu inakula bomba kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, na chuma kilichovumilia mara ishirini kinaweza kupasuka mara ya ishirini na moja. Kinapopasuka, uso na mkono wa mfyatuaji ndivyo vilivyo karibu zaidi. Kwa hiyo Mmarekani mwenye bajeti ndogo anaokoa fedha kwenye kila kitu isipokuwa mtutu, wakati huku ziwani mwenye bajeti ndogo anaokoa fedha kwenye mtutu wenyewe.

Kuna watakaosema hii ni dharau kwa mafundi wetu. Sidhani. Kanda hii ina historia ya chuma ambayo wachache wanaweza kujilinganisha nayo. Watafiti wa mambo ya kale wamefukua huko Katuruka, mkoani Kagera, mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa kama miaka 2,000, na Warongo wa kusini mwa ziwa walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi. Fundi wa Makoroboi, jijini Mwanza, hadi leo anaweza kukigeuza kopo kuwa taa. Ila gobole si tunda la ufundi huo. Bunduki za kushindilia kwa mdomo wa mtutu ziliingia na misafara ya kutoka Zanzibar katika karne ya 19, nyingi zikiwa zimepitwa na wakati Ulaya, na ndizo zilizobebwa na rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika, ukaacha mwanya kwa zile duni za jiwe la kiberiti na baruti yake ya kawaida. Wakubwa walioutia saini walijua wanachotuachia. Kulishikilia gobole kama urithi wa babu, kwa maoni yangu, ni kulinda makombo ya meza yao.

Pingamizi zito zaidi ni la wanyama. Kiboko hutoka ziwani usiku, akamaliza shamba la mpunga kabla ya alfajiri, na afisa wa wanyamapori yuko mbali. Malalamiko haya ni ya haki. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zipo, lakini anayelipwa hulipwa kidogo na baada ya kusubiri, na serikali haiwezi kuwataka watu waweke silaha chini huku simu za kuomba askari hazijibiwi. Hata hivyo gobole halijibu tatizo. Kiboko dume huweza kupita kilo 1,500, na goroli za gobole kwa kawaida humjeruhi bila kumwangusha. Aliyejeruhiwa anarudi majini na hasira, na kesho yake anakutana na mwanamke anayechota maji au kijana kwenye mtumbwi, ambao hawakufyatua chochote.

Wavuvi nao wana la kwao: wezi wa injini na nyavu. Lakini gobole hufyatua mara moja, kisha lazima lishindiliwe upya, na baruti yake hunyonya unyevu wa ziwa mpaka ikagoma. Mbele ya jambazi mwenye SMG, silaha hiyo inampa tu sababu ya kuua. Wasukuma na Wanyamwezi walilitambua jambo hili mapema. Bunduki zilipozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wizi wa ng'ombe ukashamiri, walianzisha vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Nguvu ya vikundi hivyo haikutoka kwenye bunduki za kufua. Walibeba upinde na mishale, na ukipigwa yowe kijiji kizima kilitoka.

Imebaki sheria, nayo haina utata. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni kwa anayetengeneza bunduki na kibali kwa anayeimiliki, na gobole ni bunduki kama nyingine. Kumiliki silaha bila kibali kumewekwa pia miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu ya makosa hayo ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mkulima aliyeokoa bei ya bunduki halali anaweza kuilipa kwa miaka yote ya kuwalea watoto wake. Serikali imewahi kutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2023. Ukitangazwa tena, mwenye gobole alipeleke kituo cha polisi au kwa mtendaji wake ndani ya muda uliowekwa, kwa sababu siku moja baada ya hapo maelezo yake yatasikilizwa mahakamani.