Kitoweo cha Mkulima, Zamani na Leo

Ndugu mkulima wa Bahati, hebu kumbuka chakula cha jana usiku nyumbani kwako. Je, palikuwa na kipande cha nyama, yai au samaki? Na kama palikuwa nacho, ni nani aliyekila? Swali hili si dogo, kwa maana afya ya watoto wako imo ndani yake.

Zamani, kwa Wakikuyu, nyama haikuwa chakula cha kila siku. Mbuzi alichinjwa kwa sababu maalum: mahari, kuzaliwa kwa mtoto, au shauri la wazee. Siku nyingine watu walikula mahindi, maharagwe, njahi na viazi vitamu. Samaki hakuhesabiwa kuwa chakula hata kidogo. Mwaka 1931 wataalamu wawili, Orr na Gilks, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya chakula cha Wamasai na Wakikuyu. Waliona kuwa Mmasai, aliyekula maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu na mzito kuliko Mkikuyu aliyekula nafaka na viazi. Lakini Mmasai naye alisumbuliwa zaidi na maumivu ya viungo na kufunga choo. Basi kila mmoja alikosa kitu alichokuwa nacho mwenzake.

Wazee waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa walijua jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo yao iliondolewa kwa nguvu, wakaliita tendo hilo "kifagio", kwa kuwa liliwafagilia mbuzi na ng'ombe wao. Waliobaki bila mifugo walitegemea posho.

Mashamba yalipoanza kugawanywa kwa mpango wa makazi mwaka 1962, mkulima alipata ng'ombe tena. Lakini huyu alikuwa ng'ombe wa maziwa, na maziwa yalilipa mkopo. Nyama sasa ilinunuliwa buchani kwa kilo.

Samaki naye alikuja polepole. Watu waliokwenda kufanya kazi mijini, na watoto waliosoma shule za bweni, walimwonja huko wakarudi na habari zake. Omena na tilapia vikaanza kuonekana sokoni Nakuru. Mbuta, aliyetiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, aliongezeka mno miaka ya 1980. Minofu yake ikapelekwa Ulaya, na mifupa yenye nyama kidogo, iitwayo mgongo wazi, ikabaki kwa wananchi. Mwaka 2009 Serikali ilianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo kwa majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa mita 300 za mraba. Mengi yaliachwa baadaye, kwa kuwa chakula cha samaki ni ghali, au maji yalikauka.

Basi, mkulima, miiko imepungua na kitoweo kipo. Lakini katika nyumba nyingi bado hakifiki kwa mtoto. Mayai yote hupelekwa dukani. Maziwa yote huenda kwa mnunuzi. Baba hupitia kituoni akala nyama choma na marafiki, na nyumbani watoto wanakula ugali na sukuma wiki peke yake. Shamba lenye ng'ombe na kuku lisiwe na watoto dhaifu.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kuuza mayai na maziwa, tenga kwanza ya watoto wadogo na ya mama mwenye mimba.

2. Nunua omena. Ni rahisi kuliko nyama, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, hujenga mifupa ya mtoto. Ioshe vizuri kuondoa mchanga. Kwa mtoto mdogo, ikaushe, uisage, uitie katika uji.

3. Fuga sungura. Hula majani na mabaki ya mboga, na jike huzaa baada ya siku 31 hivi.

4. Usichimbe bwawa kwa sababu jirani amechimba. Bahati ni mahali pa baridi, na tilapia hupenda maji ya joto, kwa hiyo hukua polepole. Angalia kwanza kama una maji mwaka mzima, na kama udongo wako unazuia maji. Udongo mwepesi huhitaji kutandikwa plastiki nzito. Mwulize Afisa wa Uvuvi kabla ya kushika jembe.

Nawe baba, ukinunua nyama siku ya soko, ifunge uilete nyumbani. Nusu kilo ikipikwa pamoja na maharagwe hutosha nyumba nzima kuonja. Wazee wetu walichinja mara chache, lakini walipochinja, kila mtu alipata fungu lake. Desturi hiyo inafaa hata leo.