Fidia Kutoka Arusha: Safari Huanzia Nyumbani

Je, mwananchi aliyedhulumiwa na serikali yake anaweza kupata fidia kupitia mahakama iliyo nje ya nchi? Ndiyo, ila njia ni ndefu, na fidia si pesa pekee. Kesi ya jamii ya Ogiek wa Msitu wa Mau inaeleza vizuri.

Oktoba 2009, Waogiek walipewa ilani ya siku 30 wahame msituni. Mwezi uliofuata, malalamiko yao yalifika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Mwaka 2012 Tume ilipeleka kesi hiyo katika Mahakama ya Afrika, mjini Arusha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki zao, zikiwemo za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo.

Waliamuliwa walipwe nini?

Uamuzi wa fidia ulitolewa tarehe 23 Juni 2022. Serikali iliagizwa:

- kulipa Sh57,850,000 kwa hasara ya mali;
- kulipa Sh100,000,000 kwa machungu na madhara yasiyo ya mali;
- kupima ardhi ya mababu zao na kuwapa hati miliki ya pamoja;
- kushauriana nao kuhusu miradi inayogusa ardhi hiyo.

Pesa hizo hazigawiwi mtu mmoja mmoja, bali huwekwa katika hazina ya maendeleo ya jamii. Ombi la kuombwa radhi hadharani lilikataliwa. Mahakama ilisema hukumu yenyewe inatosha.

Mkazi wa Tawa aanzie wapi?

Kwanza, tafuta haki hapa nchini. Kesi za kukiukwa kwa haki za kikatiba hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Makueni. Malalamiko pia hupokewa bila malipo na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Pili, ukishindwa hadi ngazi ya mwisho, au kesi ikicheleweshwa kupita kiasi, unaweza kuandikia Tume ya Banjul. Si lazima uwe na wakili, lakini usikawie. Mkenya hawezi kwenda Arusha moja kwa moja, kwa kuwa Kenya haijaweka tamko la kuruhusu hivyo. Ndiyo sababu Waogiek walipitia kwa Tume.

Tatu, tunza ushahidi: ilani, barua, picha, risiti na nakala za hukumu. Anayedai hasara ya mali ataulizwa alipoteza nini.

Baada ya hukumu

Mahakama ya Arusha haina askari wa kutekeleza amri zake. Utekelezaji ni jukumu la serikali iliyoshindwa, nayo hutakiwa kuripoti mahakamani hatua ilizochukua. Tangu malalamiko ya 2009 hadi uamuzi wa fidia, ilipita miaka 12 na zaidi. Jamii inayodai haki basi ijipange mapema, na isitawanyike siku ya ushindi.