Mtoto mwenye ulemavu na siku ya matembezi: Unachoweza kuomba kabla ya kufika langoni

Muhula unapokaribia kwisha, shule za Buwenge na vijiji vinavyouzunguka mji huo hukodi basi na kuelekea kusini, mwendo wa takriban kilomita 30 hadi Jinja, ili watoto wajionee wenyewe mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Ada hukusanywa, orodha ya majina hubandikwa, chapati hufungwa tangu usiku. Mara nyingi katika orodha hiyo kuna jina moja lisiloonekana: la mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyeona, au mwenye usonji. Hakuna aliyemkataa waziwazi. Mzazi ameambiwa tu kwamba abaki nyumbani "kwa usalama wake".

Mzazi husikia maneno hayo na kunyamaza, kwa kuwa yamesemwa kwa upole. Hata hivyo sheria za Uganda, pamoja na mkataba wa kimataifa ambao nchi hiyo imeuridhia, hazilitazami jambo hili kama suala la upole. Zinauliza swali jingine: ni marekebisho gani yaliyofikiriwa kabla ya mtoto huyo kuachwa?

Neno linalotafsiriwa vibaya

Ni vyema kuanza na neno lenyewe, kwa sababu limewapotosha wengi, wakiwamo sisi watafsiri wa vyumba vya habari. Neno la Kiingereza linalotumika katika sheria hizi lina maana ya pili, yaani mahali pa kulala wageni. Nimekutana zaidi ya mara moja na maandishi ya Kiswahili yanayowaahidi watu wenye ulemavu "malazi ya busara", kana kwamba kila anayeshika fimbo nyeupe anatafuta hoteli.

Kinachokusudiwa ni marekebisho ya kufaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unayaeleza kuwa ni mabadiliko yanayohitajika kwa mtu fulani, katika hali fulani, bila kumtwika mtoa huduma mzigo uliopita kiasi, ili mtu huyo afaidi haki sawa na wengine. Kuyanyima marekebisho hayo ni ubaguzi, na mkataba unalitaja hilo kwa neno hilo hilo.

Maelezo hayo yana pande mbili, na zote mbili ni muhimu kwa mzazi anayejiandaa kupiga simu. Upande wa kwanza ni kwamba marekebisho ni ya mtu mmoja mahususi. Ubao wa mteremko uliowekwa langoni humfaa anayetumia kiti cha magurudumu, lakini haumsaidii mtoto kiziwi ambaye hasikii mhudumu akitangaza kwamba bembea inaanza kuzunguka. Upande wa pili ni kwamba haki hiyo ina mpaka: unaweza kuomba kinachowezekana, wala si kila unachokitamani.

Je, kucheza ni haki?

Ndiyo, na imeandikwa. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinazungumzia utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Kinazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanafika katika maeneo ya michezo, burudani na utalii, na kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na mapumziko sawa na watoto wengine, ikiwa ni pamoja na shughuli zinazoandaliwa na shule. Sehemu hiyo ya mwisho inagusa moja kwa moja basi la Buwenge.

Nchini Uganda kwenyewe, Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu katika kifungu cha 21, na katika kifungu cha 35 inaitaka serikali na jamii kuchukua hatua ili watu wenye ulemavu waufikie uwezo wao kamili. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2006, inakataza ubaguzi hata katika huduma zinazotolewa kwa umma kibiashara. Kwa hiyo mwenye bustani ya bembea, mwenye mashua na mwenye hoteli iliyo kando ya mto wote wamo.

Hawa si watu wachache. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wenye umri wa miaka 2 na zaidi walikuwa wakiishi na ulemavu wa aina fulani.

Foleni ya Orlando, ukingo wa Jinja

Wasomaji wetu walioko ughaibuni huuliza zaidi kuhusu bustani kubwa za Marekani, na utaratibu wa huko unafaa kueleweka hata na asiyetarajia kufika, kwa sababu unaonyesha mpaka wa "kufaa" unavyochorwa.

Katika bustani hizo kizuizi kikuu ni foleni, ambayo huweza kuchukua zaidi ya saa moja juani. Mwezi Oktoba 2013 kampuni ya Disney iliacha utaratibu wake wa zamani, baada ya habari kuchapishwa kwamba baadhi ya familia tajiri zilikuwa zikikodi watu wenye ulemavu ili ziruke foleni. Chini ya utaratibu uliofuata, mgeni hapelekwi mbele ya wengine. Hupewa saa ya kurudi inayolingana na muda ambao wengine wanasubiri, naye husubiri kivulini au mahali penye utulivu. Mwaka 2024 masharti yalikazwa, na huduma hiyo sasa inawalenga hasa wenye ulemavu wa ukuaji, kama usonji, ambao hawawezi kuvumilia foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Mgeni wa kiti cha magurudumu anatarajiwa kwa kawaida kupita katika foleni yenyewe, maadamu imejengwa kwa upana unaomtosha.

Familia ya kijana mmoja mwenye usonji ilikwenda mahakamani Florida ikidai kwamba yeye hawezi kusubiri kabisa, hata kwa kupewa saa ya kurudi. Mwaka 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwa upande wa Disney, akisema kuingia mara moja bila kusubiri hakukuwa jambo la lazima na kungebadilisha mno uendeshaji wa bustani. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo kuwa mkali. Lakini mahakama haikuuliza kama kijana yule alikuwa mgonjwa kiasi cha kuhurumiwa. Iliuliza nini kinahitajika na nini kinawezekana.

Wapo pia waliochagua kuanza upya. Mjini San Antonio, Texas, bustani ya Morgan's Wonderland ilifunguliwa mwaka 2010 na Gordon Hartman, ambaye binti yake ana ulemavu. Bembea zake hupokea kiti cha magurudumu pamoja na aliyekikalia, na mgeni mwenye ulemavu halipi kiingilio.

Jinja haina foleni za namna hiyo. Vizuizi vyake ni vya aina nyingine: bustani inateremka hadi ukingo wa maji, na mashua hupandwa kwa kuinua mguu juu ya ubavu wake huku ikiyumba. Hapo ndipo husikika kauli kwamba "mahali penyewe ndivyo palivyo". Kauli hiyo ina kichekesho chake. Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa papo hapo mto unapotoka ziwani, yalizama binadamu alipojenga bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Walioweza kuyazamisha maporomoko mazima hawawezi kushindwa na ubao wa kupandia mashua.

Simu moja kabla ya safari

Kazi kubwa hufanyika siku kadhaa kabla ya safari. Mhudumu anayeshtukizwa langoni, nyuma yake kukiwa na wageni hamsini, atasema hapana kwa sababu hapana ndilo jibu jepesi. Mhudumu huyo huyo akipigiwa simu mapema ana muda wa kumuuliza fundi, kutafuta ubao, au kukuelekeza saa yenye watu wachache.

Usianze na jina la ugonjwa. Anza na kile ambacho mtoto anaweza kufanya na kile anachohitaji. Kwa mfano: "Habari za asubuhi, ssebo. Tutakuja Jumamosi na mtoto wa miaka tisa. Anakaa vizuri bila kuegemezwa, lakini hatembei. Je, kuna mashua ambayo watu wawili wanaweza kumpandisha bila kuingia majini? Na mna jaketi la kuokolea linalomtosha?" Maswali ya namna hiyo hupata majibu. Swali la "mnapokea walemavu?" hupata ndiyo ya heshima, kisha taabu mkishafika.

Uliza kwa undani kuhusu choo. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa na ndilo linalozikatiza safari nyingi. Mjini Mbale, hospitali ya watoto ya CURE imekuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikiwafanyia upasuaji watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi kutoka kila pembe ya mashariki mwa Uganda na mbali zaidi. Hospitali hiyo inajulikana duniani kwa njia ya upasuaji ambayo daktari Benjamin Warf aliiendeleza hapo, inayowaepusha watoto wengi na mrija wa kudumu kichwani. Watoto hao wamekua, wamo shuleni, na wanataka kuuona mto kama wenzao. Wengi wa wenye mgongo wazi huhitaji kutoa mkojo kwa mrija mwembamba kila baada ya saa chache, katika mahali safi, penye maji na mlango unaofungwa. Choo ambacho mlango wake haukipitishi kiti cha magurudumu, au kisicho na mahali pa kunawa, kimemfungia mtoto huyo nje hata kama lango la bustani liko wazi kabisa. Ni bora kujua hilo ukiwa Buwenge kuliko ukiwa umeshafika.

Wenye ualbino wahitaji kivuli kila wanaposubiri. Mwenye kifafa aulizie taa zinazomulikamulika. Kwa mtoto mwenye usonji, mara nyingi kinachosaidia zaidi ni kuonyeshwa picha za mahali hapo siku moja kabla, na kukubaliana na walimu mahali pa kumtoa kelele zikizidi. Hilo haligharimu shilingi.

Wanaposema si salama

Wakati mwingine ni kweli. Mashine inayozunguka kwa kasi humtaka anayeipanda ajishike mwenyewe, na mkanda uliotengenezwa kwa kimo fulani haumfungi aliye mfupi zaidi. Sheria haimlazimishi mwendeshaji kumhatarisha mtu yeyote.

Sababu ya kweli ya usalama huihusu mashine, nayo humhusu kila mtu: kimo, uzito, uwezo wa kujishika, nafasi ya kutoka dharura ikitokea. Mwendeshaji anaweza kukuonyesha mahali sharti hilo lilipoandikwa. Sababu isiyo ya kweli humhusu mtu: "watu kama huyu hatuwapandishi". Ukiisikia hiyo, omba kwa utulivu uonyeshwe sharti lenyewe, na umwombe msimamizi. Wengi hulegeza hapo, kwa kuwa sharti halipo.

Nawe pia una haki ya kuuliza kuhusu usalama. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2023, watu wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana katika jumba la Freedom City, Kampala, umati ulipokuwa ukitazama fataki. Popote penye umati, ulizia njia ya kutokea isiyo na ngazi, na ni nani atakayembeba mtoto wako ikibidi.

Ukikataliwa, uende wapi?

Andika siku hiyo hiyo: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na cheo cha aliyeyasema. Hifadhi tiketi na ujumbe wa simu. Barua kwa mwenye eneo, yenye ombi moja lililo wazi na tarehe ya kujibiwa, mara nyingi hutosha.

Isipotosha, mlango wa karibu kwa mkazi wa Buwenge ni halmashauri ya mji wake. Sheria ya serikali za mitaa ya Uganda inatenga viti vya madiwani wanaowawakilisha watu wenye ulemavu, mmoja wao akiwa mwanamke, na hawa ndio wanaoweza kufuatilia jambo kabla halijawa kesi. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi ya kanda mjini Jinja. Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, hupokea malalamiko ya ubaguzi na ina mamlaka ya kuwaita wahusika na kuyasikiliza. Muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, ulioanzishwa mwaka 1987, unaweza kukusaidia kuyaandika malalamiko hayo. Msomaji wa Tanzania ataanza na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Wa Kenya atatazama sheria mpya ya mwaka 2025.

Kuhusu matembezi ya shule, mzazi asingoje orodha ibandikwe. Barua kwa mwalimu mkuu ifike kabla ada haijaanza kukusanywa, wakati basi bado halijakodiwa na viti bado vinaweza kupangwa. Barua hiyo itaje mambo matatu tu: kiti cha mbele karibu na mlango, mtu mzima mmoja atakayeandamana na mtoto, na kituo mjini Jinja chenye choo kinachofaa kabla basi halijateremka ukingoni.